Kupunguza viwimbi vya mkondo kwenye pawa saplai za swichingi: shika koili kwanza, kapasita baadaye

Moduli nyingi za kushusha volti zinazoletwa kwenye benchi yangu hapa Moshi kwa malalamiko ya kelele huja zikiwa zimeshapachikwa kapasita kubwa pembeni. Mikrofaradi 2200, mara nyingine 4700, inaning'inia kwa miguu yake mirefu, imezungushiwa selotepu nyeusi. Kelele ipo palepale. Aliyeifunga hakuwa mjinga. Alifikiri kama tulivyozoea kwenye pawa saplai za zamani za transfoma, zile za hezi 50, ambako kapasita kubwa kweli ndiyo dawa. Kwenye swichingi, zile zinazowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ukubwa wa viwimbi (kupanda na kushuka kwa mkondo) huamuliwa na koili, frikwensi na volti za pande mbili. Kapasita hupewa tu kazi ya kuvimeza vikishazaliwa.

Nitatumia mfano mmoja, kwa sababu ndio tunaokutana nao sana: kushusha volti 24 za lori ziwe volti 12 za redio, mzigo wa ampia 2, kwa moduli ya LM2596 (hilo ni jina la aisii, chipu inayoiendesha). Hesabu hizohizo zinamfaa mwenye sola ya volti 24 huko Kibosho anayetaka kuendesha ruta na taa za volti 12.

Unahitaji solda, mita yenye kipimo cha Hz, mita ya LC na ESR kama unayo (LC hupima koili na kapasita, ESR ni ukinzani wa ndani wa kapasita; zile ndogo za bei rahisi zinatosha), na osiloskopu ya kuazima. Tahadhari ni moja, lakini ni ya kufa na kupona. Pawa saplai inayochomekwa kwenye umeme wa TANESCO huwa na karibu volti 325 za DC upande wake wa kwanza, na kapasita za huko hushikilia chaji hata baada ya kuchomoa. Usiguse upande huo na usiunganishe grandi ya osiloskopu huko. Kazi zote zinazofuata ni za upande wa volti ndogo, chanzo kikiwa betri.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kuwasha solda

Swichi ya ndani ya aisii ikiwaka, koili inapata tofauti ya volti inayoingia na inayotoka, na mkondo wake unapanda. Ikizima, mkondo haukatiki. Unaendelea kupitia dayodi huku ukishuka. Kupanda na kushuka huko hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde, na ukikuangalia kwenye skrini ni pembetatu zilizokaa juu ya mkondo wa mzigo. Urefu wa pembetatu kutoka bonde hadi kilele ndio viwimbi vya mkondo. Kwa moduli ya kushusha:

viwimbi = (Vi − Vo) × D ÷ (L × f)

Vi ni volti inayoingia, Vo inayotoka, D ni Vo ÷ Vi, L ni indaktansi ya koili kwa henri, na f ni frikwensi kwa hezi.

Weka volti ya juu kabisa utakayokutana nayo, kwa sababu ndiyo inayozaa viwimbi vikubwa zaidi. Lori la volti 24 halikai kwenye 24. Alteneta ikichaji, unakuta 28 na ushee. Mimi hutumia 28.8. Hapo D ni 12 ÷ 28.8, yaani 0.417, na (28.8 − 12) × 0.417 inatoa 7.0.

Moduli nyingi za LM2596 huja na koili iliyoandikwa 330, maana yake mikrohenri 33. Frikwensi ya aisii hiyo ni kilohezi 150. L × f inakuwa 4.95, na 7.0 ÷ 4.95 ni 1.41. Ampia 1.41 za viwimbi juu ya mzigo wa ampia 2 ni asilimia 70!

Wanaosanifu vifaa hivi hulenga asilimia 20 hadi 40 ya mzigo. Ukishuka chini ya hapo, koili inakuwa kubwa na ghali bila faida ya maana, na moduli inachelewa kuitikia mzigo ukibadilika ghafla. Ukipanda juu ya hapo, kilele cha mkondo kinaichosha aisii na dayodi. Katika mfano wetu kilele ni 2 kujumlisha nusu ya 1.41, yaani ampia 2.7, kwenye aisii ya ampia 3. Haina nafasi ya kupumua.

Sasa jaribu koili nyingine kwenye karatasi. Mikrohenri 47 inatoa ampia 0.99. Mikrohenri 68 inatoa 0.69, asilimia 34 ya mzigo. Mikrohenri 100 inatoa 0.47. Mimi ningechagua 68. Nimepuuza volti zinazopotea kwenye dayodi na swichi, kwa kuwa hazibadilishi uamuzi.

Kitu kimoja kinachowababaisha watu: mzigo ukiwa mdogo kuliko nusu ya viwimbi, mkondo wa koili hufika sifuri kabla swichi haijawaka tena. Kwenye osiloskopu utaona mguu wa swichi ukitetemeka kidogo kila baada ya mzunguko. Huo si ugonjwa. Redio ikiwa na sauti ya chini kabisa ndivyo inavyokuwa.

Hatua ya 2: Pima frikwensi, usiamini maandishi ya mgongoni

Dereva mmoja wa Fuso anayebeba ndizi kwenda Dar alinijia na kidude chake mkononi, kimefungwa kwenye kitambaa.

“Fundi, nikiongeza sauti redio inakata. Halafu hiki chenyewe kinalia. Nimeshafungiwa kapasita mpaka nimechoka.”

“Pole kaka. Injini ikizimwa?”

“Kinapungua.”

“Na ukikanyaga mafuta, mlio unapanda pamoja na injini?”

“Hapana, uko vilevile.”

Swali la mwisho ndilo lililofunga mjadala. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini ni wa alteneta, na dawa yake iko kwenye nyaya za grandi na chujio la redio. Huu ulikuwa wa kidude chenyewe, na ulizidi volti ya lori ilipopanda, sawasawa na kanuni ya hatua ya kwanza inavyosema.

Niliweka mita kwenye Hz, waya mweusi kwenye grandi, mwekundu kwenye mguu wa 2 wa aisii, ule unaokwenda kwenye koili na dayodi. LM2596 halisi husoma kati ya kilohezi 127 na 173 hivi. Hii ilisoma karibu 50. Maandishi mgongoni yalisema LM2596, lakini ndani mlikuwa na kitu kingine. Bandia za namna hii zimejaa, na huuzwa na koili ileile ya mikrohenri 33 kama vile hakuna kilichobadilika.

Rudisha namba kwenye kanuni: 33 kwa kilohezi 50, L × f ni 1.65, na 7.0 ÷ 1.65 ni ampia 4.24 za viwimbi. Kilele kinapita ampia 4. Aisii inafikia kikomo chake cha kujikinga, inakata mapigo ovyo, na mapigo hayo ya ovyo ndiyo yanayoshuka hadi kwenye sauti ambayo sikio linaisikia kutoka kwenye koili. Ukiongeza sauti ya redio mzigo unapanda, volti inaanguka, redio inakata. Hata ungefunga kapasita ya ukubwa wa chupa ya soda, koili ingeendelea kupitisha ampia zilezile. Alibadilishiwa moduli, na hiyo mpya ikapimwa Hz mbele yake kabla hajalipa.

Basi kila moduli mpya ipime frikwensi kwanza, kisha ndipo utumie namba hiyo kwenye hesabu. Ni kazi ya dakika moja.

Kuona viwimbi vyenyewe kunahitaji osiloskopu. Vile vidogo vya kuunganisha mwenyewe, kama DSO138, vinaishia kilohezi 200. Pembetatu ya kilohezi 150 itaonekana imeviringwa na imepungua, na utajidanganya kwamba mambo ni mazuri. Tafuta cha megahezi 20 au zaidi. Ukiwa na kijana anayesoma Chuo cha Ufundi Arusha au VETA, mwombe mkaitumie pamoja maabara, kwa ruhusa ya mwalimu wake.

Weka resista ya omu 0.1, ya wati 2, kati ya koili na kapasita ya kutokea. Isiwe ya waya uliosukwa, kwani hiyo yenyewe ni koili. Pima volti kwenye ncha zake mbili: kila milivolti 100 ni ampia 1. Grandi ya probu iende upande wa kapasita. Hilo linakubalika tu kama betri na mzigo havijaunganishwa na ardhi ya jengo kwa njia nyingine, la sivyo utapiga shoti. Kama huna uhakika, tumia chaneli mbili na utoe moja kwenye nyingine.

Ondoa ule waya mrefu wa grandi wa probu wenye kibanio cha mamba, tumia springi fupi. Waya mrefu unaokota miiba mikali kutoka hewani, na fundi anaishia kufukuza miiba ambayo haiko kwenye saketi. Na hata miiba ya kweli si viwimbi. Pembetatu iliyonyooka ni ya koili. Mwiba mwembamba pale swichi inapowaka au kuzima ni wa mpangilio wa bodi na dayodi, na hauponi kwa kubadilisha koili. Nitaurudia kwenye hatua ya 6.

Huna osiloskopu kabisa? Chukua redio ndogo ya AM, iweke kati ya stesheni, isogeze karibu na nyaya za moduli. Haikupi namba, lakini inakuambia waya upi unachafua zaidi, na kama marekebisho yako yamesaidia.

Hatua ya 3: Koili

Ukiongeza indaktansi mara mbili, viwimbi vinapungua nusu. Ugumu uko kwenye kupata koili inayobaki na indaktansi yake mkondo ukishapita.

Koili ya dukani ina namba mbili za kuangalia: mikrohenri, na mkondo wa kushiba. Ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kiini kikishashiba sumaku, indaktansi inaporomoka na mkondo unapaa. Kwenye osiloskopu utaona pembetatu ambayo ncha yake imepinda kwenda juu badala ya kunyooka. Katika mfano wetu wa mikrohenri 68 kilele ni ampia 2.34. Chukua koili inayoshiba kwenye 3.5 au zaidi, usichukue ya 2.5 kwa sababu tu ni ndogo na inapendeza.

Kusuka mwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na kiini ni cha bure. Fungua pawa saplai chakavu ya kompyuta iliyokaa wiki nzima bila umeme, na upime kapasita zake kubwa kwa mita kuhakikisha hazina chaji. Upande wa kutokea, karibu na nyaya za rangi nyingi, kuna pete ya njano yenye upande mmoja mweupe, imesukwa nyaya za unene tofauti. Hiyo ni pete ya unga wa chuma, aina inayoitwa 26. Fungua nyaya zote. Kipenyo cha nje kikiwa milimita 27 hivi, ni T106-26, ambayo hutoa takriban nanohenri 93 kwa mzunguko mmoja, na indaktansi hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko.

Tunataka nanohenri 68,000. Gawa kwa 93, unapata 731, na kipeuo chake cha pili ni 27. Kwa kuwa unga wa chuma hupoteza sehemu ya indaktansi mkondo wa DC ukipita, mimi huongeza mizunguko miwili, inakuwa 29. Waya wa shaba wenye vanishi, milimita 0.8, urefu wa mita 1.3, unatosha na ziada ya kuunganishia. Usuke kwa safu moja, mizunguko imesambaa kwenye sehemu kubwa ya pete, mwanzo na mwisho visigusane. Shika kwa mvutano uleule mwanzo hadi mwisho. Kwaruza vanishi kwenye ncha kwa wembe mpaka shaba ing'ae, kisha paka risasi. Kiungo kisichoshika vizuri hapa kitakusumbua baadaye kwa namna ambayo hutaidhania. Pima kwa mita ya LC. Ukiona kati ya 70 na 80, endelea.

Pete ya njano si bora kuliko zote. Kwa kilohezi 150 inapata joto la kiasi, na ikikaa kwenye joto kali kwa muda mrefu gundi iliyoshika unga huo inachoka na pete inazidi kupata joto. Ukikuta rangi imegeuka kahawia, tupa. Ukipata pete za Sendust, mara nyingi ni nyeusi, zinapoteza nguvu chache kuliko za njano na nazipendelea, ila idadi ya mizunguko itabadilika, kwa hiyo suka kumi, pima, kisha kokotoa.

Sasa mtego. Ndani ya pawa saplai hiyohiyo, upande wa kuingilia, kuna pete nyingine, mara nyingi ya kijani, yenye nyaya mbili zilizosukwa sawasawa pande mbili. Hiyo ni feraiti isiyo na mwanya. Ukiisuka mizunguko minne mitano, mita ya LC itakuonyesha mikrohenri nyingi na utafurahi. Mita inapima bila mkondo wa DC. Ukiiweka kazini inashiba kabla hata redio haijafika nusu ya sauti, na aisii inaungua huku wewe ukiwa na uhakika kwamba koili ni kubwa. Feraiti hutumika kwa kazi hii, lakini lazima kiini kiwe na mwanya, kama zile za umbo la E zilizotenganishwa kwa karatasi ngumu katikati.

Hatua ya 4: Frikwensi, pale inapobadilika

Aisii za LM2596 na XL4015 zimefungwa kwenye frikwensi zao, kilohezi 150 na 180. Kwa hizo, ruka hatua hii.

Kwenye bodi zenye aisii ya TL494, frikwensi ni 1.1 ÷ (R × C), ukihesabu resista ya mguu wa 6 na kapasita ya mguu wa 5. Resista ya kiloomu 10 na nanofaradi 1 zinatoa kilohezi 110. Ukiweka 5.6 badala ya 10, unapata karibu 196, na viwimbi vinakaribia nusu ya vilivyokuwa bila kugusa koili. Kwa aisii ya UC3843 tumia 1.72 badala ya 1.1.

Gharama yake ni joto, kwa sababu transista hupoteza nguvu kila inapowaka na kuzima, na kiini nacho kinapoteza zaidi. Bodi yenye mosfeti za kisasa inavumilia. Pawa saplai za zamani za kompyuta zenye transista za 13007 usiziguse, zimetengenezwa kwa mwendo wa polepole. Kwa jumla, ningeongeza mizunguko kwenye koili kabla ya kugusa frikwensi.

Hatua ya 5: Kapasita ya kutokea, sasa ndiyo zamu yake

Volti inayochezacheza kwenye pato ina sehemu mbili. Ya kwanza inatokana na uwezo wa kapasita: viwimbi ÷ (8 × f × C). Ya pili inatokana na ukinzani wake wa ndani, ule unaosomwa na mita ya ESR: viwimbi × ukinzani huo.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 220 ya kawaida yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.1, na zile ampia 1.41 za mwanzo. Sehemu ya kwanza ni milivolti 5.3. Ya pili ni 141. Tazama tofauti hiyo vizuri, maana ndiyo inayoeleza kapasita zote zile zinazoning'inia. Ukiweka mikrofaradi 2200 unaishusha ile 5.3 kuwa nusu milivolti. Ile 141 inabaki kama ukinzani wa ndani wa kapasita mpya ni uleule, na kwa kapasita ya bei rahisi iliyoungwa kwa miguu mirefu, hupati nafuu kubwa.

Fanya hivi. Koili ikishakuwa 68, viwimbi ni 0.69. Weka kapasita mbili za kundi la ukinzani mdogo, zenye omu 0.05 kila moja, sambamba, miguu imekatwa mifupi. Ukinzani wa pamoja ni 0.025, na volti inayocheza inashuka hadi milivolti 17 kutokana na ukinzani huo. Tumetoka kwenye 141. Hakuna kilichokuwa kikubwa isipokuwa koili.

Usiende mbali zaidi ukang'oa elektrolitiki zote na kuweka seramiki tupu. LM2596 inategemea ukinzani huo mdogo wa kapasita ili isitetereke. Ukiuondoa kabisa inaweza kuanza kupepesuka, na utakuwa umebadilisha tatizo dogo kwa kubwa. Seramiki moja ya mikrofaradi 1 pembeni kwa ajili ya miiba inatosha.

Joto pia lihesabiwe. Elektrolitiki ya saa 2000 kwa nyuzi 105 huishi takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 unazoipunguzia: saa 8000 kwa 85, saa 32,000 kwa 65. Boksi lililofungwa chini ya bati huku Moshi mwezi wa Februari si mahali pa kuweka kapasita ya nyuzi 85. Arusha kuna ubaridi zaidi, lakini ndani ya boksi lililobana tofauti inakuwa ndogo.

Hatua ya 6: Upande wa kuingilia na njia za shaba

Kwenye moduli ya kushusha, koili inaulainisha mkondo wa kutokea tu. Wa kuingilia unakatwakatwa: ampia 2 kamili, halafu sifuri, halafu 2. Kapasita ya kuingilia ndiyo inayobeba mkatiko huo, na mzigo wake wa rms (kipimo cha mkondo unaoipasha joto) ni mkondo wa mzigo × √(D × (1 − D)). Kwetu ni 2 × 0.493, karibu ampia 1. Kapasita nyingi za kawaida za mikrofaradi 100 volti 50 hazijatengenezwa kubeba ampia 1 ya viwimbi. Ndiyo maana unakuta ya kuingilia imevimba huku ya kutokea ikiwa nzima, na mkatiko ukishakosa pa kumezwa unatoka nje kupitia nyaya ndefu za betri, ambazo zinageuka antena. Weka mbili sambamba, za ukinzani mdogo.

Ongeza seramiki ya aina ya X7R, ya mikrofaradi 10 hivi, ya volti 50, ikigusa kabisa mguu wa 1 na wa 3 wa aisii. Jua kwamba seramiki hupoteza uwezo ikiwa chini ya volti ya DC, na kwenye volti 28 inaweza kubaki chini ya nusu. Za Y5V ni mbaya zaidi, ziache. Na usiiache seramiki peke yake kwenye nyaya ndefu. Ukichomeka betri ghafla, nyaya na seramiki zinapiga bembea, na volti inaweza kuruka karibu mara mbili, 28 ikawa zaidi ya 50. LM2596 ya kawaida inaishia volti 40. Elektrolitiki ya pembeni ndiyo inayoituliza bembea hiyo. Kwenye lori ningeweka LM2596HV inayofika 60, ikipatikana ya kweli.

Ile miiba niliyoahidi kuirudia hutoka hapa. Mzunguko wa kapasita ya kuingilia, aisii na dayodi unapitisha mkondo unaowaka na kuzima ghafla. Kila sentimita ya ziada ya njia hiyo ni koili ndogo isiyotakiwa. Ukitengeneza bodi yako, viweke vitatu hivyo vikigusana kwanza, vingine vitafuata. Dayodi iwe ya Schottky. Nimeona 1N4007, dayodi ya kawaida, imebandikwa kwa dharura kwenye nafasi hiyo: inachelewa kuzima, inapata moto, inatapika miiba.

Hatua ya 7: Chujio la pili, kama bado hujaridhika

Redio za AM, vikuza sauti vya kwaya na vifaa vya kupimia vinaweza kudai zaidi. Baada ya kapasita za kutokea, ongeza koili ndogo ya mikrohenri 4.7 ikifuatiwa na kapasita nyingine ya mikrofaradi 220 yenye ukinzani wa omu 0.05. Kwa kilohezi 150 koili hiyo inakinza karibu omu 4.4, na kapasita inakinza 0.05, kwa hiyo kinachobaki ni karibu sehemu moja ya tisini. Hata mikrohenri 1 inashusha hadi karibu sehemu moja ya ishirini. Waya wa kurudisha taarifa kwa aisii ubaki kabla ya chujio. Ukiuhamishia baada yake, moduli inaweza kuanza kuyumba.

Hapa ndipo mtu hujiuliza kwa nini asifunge moduli mbili sambamba apate viwimbi nusu. Kuna mbinu ya kweli ya kuendesha njia mbili zikipishana, moja ikipanda nyingine ikishuka, na D ikiwa 0.5 viwimbi vyake hufutana kabisa. Lakini hiyo inahitaji aisii moja inayoziongoza zote mbili. Moduli mbili za dukani kila moja ina saa yake. Hazipishani kwa mpangilio, hazigawani mzigo sawa, na tofauti ndogo ya frikwensi zao inaweza kuzaa mlio unaosikika. Usifanye.

Ukipandisha volti badala ya kushusha, kwa mfano 12 ya betri kuwa 19 ya laptopu, geuza fikra zako. Kanuni inakuwa viwimbi = Vi × D ÷ (L × f), na D ni 1 − Vi ÷ Vo. Kwa mikrohenri 33 na kilohezi 100 unapata 1.34. Mkondo wa kuingilia sasa ndio mlaini na wa kutokea ndio unaokatwa, kwa hiyo pesa ya kapasita nzuri ipeleke upande wa kutokea. Na koili inabeba mkondo wa kuingilia: laptopu ikila ampia 3 kwa volti 19, koili inapitisha zaidi ya 4.75. Hapo ndipo koili nyingi za ampia 3 zinapoungulia.

Kabla hujamkabidhi mteja, ifunge kwenye boksi lake, weka mzigo kamili na volti ya kuingilia ya juu kabisa, uiache saa nzima. Kisha pima tena Hz, pima volti ya kutokea, zima, na uguse koili na kapasita za kuingilia kwa kidole. Koili ya vuguvugu ni sawa. Kapasita ikiwa ya moto kuliko koili iliyo jirani yake, rudi hatua ya 6.